Kona ya Shaba ya Fundi wa Maji

Fundi wa Maji aliamini kwamba duniani kuna matatizo matatu tu: kuziba, kuvuja na hewa. Ukimletea jambo lolote, liwe la bomba au la binadamu, alilitia katika fungu mojawapo kabla hujamaliza kulieleza. Mume asiyezungumza na mkewe ameziba. Mtu asiyeweka siri anavuja. Mahubiri marefu ya Jumapili ni hewa, na hotuba za wanasiasa waliokuja kusimama mbele ya stesheni ya Voi wakati wa kura zilikuwa hewa tupu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu karani wa reli, kwa hiyo tulikaa ua mmoja na Fundi katika nyumba za reli. Aliniambia kwa heshima zote kwamba hesabu ninazofundisha si mbaya, ila wanafunzi wangu wana hewa kichwani, na mahali pa kuitolea ni juu.

Asili yake hatukuijua vizuri. Alitoka upande wa magharibi, akaoa Mtaita, na ukimwuliza habari za ukoo alijibu, "Mimi ni wa reli," akaendelea na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha injini za moshi zinapata maji: kwenye tangi kubwa la Voi, pale Maungu, na kwenye vituo vya reli ya kwenda Taveta. Treni ya moshi bila maji ni vyuma vilivyosimama, alisema, na treni zote zilizowahi kufika Mombasa zilifika kwa hisani yake. Dizeli zilipoanza kuja alizitazama kwa dharau. Chombo kinachopita Voi bila kunywa hata kikombe hakikulelewa vizuri.

Hakuenda popote bila spana yake ndefu. Haikuwa ya kufungulia tu. Aliweka ncha moja juu ya bomba na nyingine akaiuma kwa meno, akafumba macho, na baada ya muda akakuambia maji yanapita au hayapiti, na kama hayapiti, yamekwama umbali gani. Masikio yanadanganya, alisema, meno hayana sababu ya kudanganya. Siku moja alikuja kwangu kutazama mfereji uliokuwa ukitoa maji kwa kukohoa. Akauma spana, akaisikiliza ile nyumba, akafumbua macho.

"Mwalimu, maji iko sawa. Lakini kwa ukuta kuna panya wawili, na moja ana mimba."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wiki haikuisha nikakuta panya wachanga tisa, wekundu, ndani ya begi langu la vitabu. Tangu hapo sikumcheka tena kuhusu spana, ingawa nilimcheka kwa mengine yote.

Kuna habari ya ndovu, ambayo wenyeji wa Voi wanapenda kuisimulia na wote wanaisimulia vibaya. Ukweli ni huu. Wakati wa kiangazi ndovu walikuwa wakichimbua bomba la reli karibu na Maungu na kulivunja wapate kunywa. Askari wa wanyama walipiga risasi hewani, wakapiga madebe, lakini ndovu walirudi kila mara. Fundi alikwenda na toroli yake, akatazama nyayo siku nzima, kisha akatoboa tundu dogo kwenye bomba, yeye mwenyewe, akaweka chini yake beseni la zege. Ndovu hawakuvunja bomba tena. Mtu huyu, aliyeweza kuinuka mezani akaacha chakula kwa sababu amesikia tone likidondoka nyumba ya tatu, alitunza uvujaji ule miaka mingi na kuusafisha kwa brashi. Mabwana wa reli walipouliza katika barua kwa nini maji yanapungua pale, alinijia nimwandikie jibu. Aliniamuru niandike: Matumizi ya wageni.

Lakini sheria kubwa ya Fundi, aliyoitaja mara nyingi kuliko Baba Yetu, ilikuwa hii: mstari mzima hauguswi. Maana yake ni kwamba huruhusiwi kung'oa bomba mahali linapofanya kazi ukalipeleka mahali pengine palipoharibika. Kama huna bomba jipya, ngoja. Stesheni masta mmoja, mtu mpenda maua, alimwomba ang'oe kipande cha bomba kwenye choo cha wafanyakazi amwagilie mawaridi yake. Fundi alivua kofia kabisa ili akatae vizuri.

"Bwana mkubwa, maua imekosa maji, hiyo ni kweli. Lakini choo imekosa nini?"

Mawaridi yalikauka. Fundi aliyapita kila asubuhi na kuyasalimu kwa huzuni, lakini hakuyapa hata tone.

Sasa, ninyi mnaosoma mtadhani nyumba ya mtu kama huyu ilikuwa na maji hata kwenye dari. Haikuwa na mfereji. Ulikuwako zamani jikoni; alama yake ilionekana ukutani, duara jeusi lililozibwa kwa kitambaa. Mkewe, Mama Mghoi, alichota maji kwenye mfereji wa stesheni kama wageni wanaosubiri treni, akayabeba kwa debe, asubuhi na jioni. Sisi majirani tulilifanyia mzaha wa kila siku. Mganga hajigangi, tulisema. Tukimwuliza Fundi alijibu, "Jumamosi." Hakusema Jumamosi ipi. Mama Mghoi naye alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye kusuka vikapu vya mkonge akiwa amekaa, akiwa amesimama, na nadhani hata akiwa amelala. Tukimchokoza alisema, "Huyo ni mume wangu, si mume wa debe," na hatukujua maana yake. Mimi nilimcheka kuliko wengine, kwa sababu nilikaa karibu na nilimwona akipita na debe mara nyingi zaidi. Naliandika hili kwa aibu, na sababu ya aibu hiyo mtaiona.

Maji ya kwetu yana chokaa. Ukichemsha maji ya Voi mwaka mmoja katika birika, birika linazidi kuwa zito na chai inazidi kupungua. Kwenye mabomba ni vivyo hivyo, na Fundi aliuita uchafu huo mweupe ukoko, kama ukoko wa wali. Dirishani kwake, mahali ambapo watu huweka picha ya harusi, aliweka kipande cha bomba alichokikata kwa msumeno. Kwa nje lilikuwa bomba nene la kuingiza vidole vitatu. Kwa ndani ukoko ulikuwa umelijaza, likabaki tundu la kupitisha penseli. Alipenda kuwaonyesha wageni. "Nje mzima," alisema akilizungusha. "Watu wanapita, wanaona nje. Ndani anakufa." Alilisema kwa raha ya mtu anayezungumza habari za wengine.

Kifua kilipoanza kumbana, alijua mara moja ni nini: hewa.

Dawa ya hewa katika bomba ni kufungua mahali pa juu. Basi kila alfajiri tulimwona ameinua mikono yote miwili uani, kinywa wazi, akitazama mbinguni, huku mkewe akimpiga mgongoni kwa mwiko. Alikunywa magadi. Alikunywa soda na kuitikisa kwanza. Alijilaza kwenye tuta la reli, miguu juu, kichwa chini, akisubiri Bubujiko la hewa kutoka, ambalo alilitamka kama jina la mtu. Bubujiko halikuja. Na yale matangi aliyokuwa akiyapanda kwa ngazi bila kushika, alianza kupumzika kwenye kipago cha saba. Tukimtazama alikigonga kipago kwa spana akasema anakikagua. Baadaye akawa anakagua cha tano. Ilipofika anakagua cha pili, mume wangu alimpeleka kwa daktari wa Voi kwa kumdanganya kwamba mfereji wa daktari unavuja. Daktari wa Voi alimpima, akaandika barua, akamtuma Nairobi kwa daktari wa moyo.

Mama Mghoi alikuja kwangu na kikapu mkononi. "Mwalimu, twende wote. Daktari atasema jambo moja, na huyu atarudi Voi na jingine. Wewe utaandika." Basi nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda treni, daftari la mstari mmoja kwapani, kama karani wa mahakama.

Daktari wa moyo alikuwa kijana wa Mombasa aliyesomea ng'ambo, mwenye Kiswahili kizuri na adabu. Baada ya vipimo vingi alichora moyo kwenye karatasi, na juu yake mishipa inayoulisha. "Mzee wangu, hapa pameziba, na hapa karibu pazibe. Mafuta yameganda ndani ya mshipa. Nje waonekana mzima."

Fundi alivuta ile karatasi. Alitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika.

"Ukoko," alisema polepole.

"Naam, ni kama ukoko."

"Si hewa?"

"Si hewa, mzee."

Nilimhurumia sana. Mwaka mzima alikuwa amelaza kichwa chini kwenye tuta la reli kwa ajili ya tatizo alilokuwa na mfano wake dirishani.

Daktari akaeleza dawa. Atatoa mshipa mguuni, aushone juu na chini ya pale palipoziba, damu ipite kando. Fundi aliinuka kitini. "Baipasi! Daktari, unafanya baipasi?" Wakaanza kuzungumza kama watu waliosoma darasa moja. Fundi alisema mshipa wa mguu unapandisha damu juu, kwa hiyo lazima uwe na valvu za kuzuia isirudi chini. Daktari akasema unazo. "Sasa ukimuweka kwa moyo valvu zikiangalia nyuma, si damu itagoma?" Daktari aliweka kalamu chini. Alisema wanafunzi wake wachache sana huuliza hivyo, na kwamba mshipa hugeuzwa, upande wa juu ukawa chini. Fundi akanigeukia. "Mwalimu, andika. Huyu anajua kazi."

Niliandika. Mama Mghoi alisuka safu mbili. Nilidhani mambo yamekwisha.

"Lakini mguu umekosa nini?" Fundi akauliza.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Mguu ni mstari mzima, Fundi alimweleza, na mstari mzima hauguswi. Hakuugusa kwa ajili ya stesheni masta, hataugusa kwa ajili yake mwenyewe. Daktari alisema mguu una mishipa ya kutosha, hautadhurika, ila asipopasuliwa huenda masika ijayo isimkute. Alilisema wazi, akimtazama machoni, na mimi nililiandika hivyo hivyo. Fundi aliuliza kama hakuna bomba la dukani. Daktari akasema ng'ambo wanajaribu mishipa ya kutengenezwa, ya kitambaa na ya plastiki, lakini iliyo myembamba kiasi hicho huziba upesi. Damu haipendi bomba geni.

"Haijaona bomba yangu," alisema Fundi, akavaa kofia.

Wakati huo injini za moshi zilikuwa zinakatwa vyuma, na Fundi alipewa ruhusa ya kuchukua mirija ya shaba kwenye injini moja aliyokuwa ameinywesha miaka mingi. Kwa majuma matatu alifanya kazi uani kwetu, amekaa kwenye kiti kwa sababu kusimama kulimchosha. Alitengeneza kona ndogo, kile kiungo cha bomba kilichopinda, fupi kuliko kidole gumba changu, nyembamba kama unyasi, na kila upande nati ya ukubwa wa punje ya hindi. Aliisugua kwa majivu na limau. Aliijaza maji, akaiziba, akaining'iniza jikoni siku nne akaikagua kwa miwani kama inavuja. Haikuvuja hata kidogo. Ninyi hamkuiona. Ilikuwa kitu kizuri mno, na mimi, mwanamke mwenye akili timamu na cheti cha ualimu, nilianza kutumaini kwamba daktari ataipokea.

Tulirudi Nairobi. Fundi aliitoa kwenye mkebe wa tumbaku, akafunua leso. Daktari hakucheka. Namheshimu hadi leo kwa hilo. Aliiweka kwenye kiganja, akaipeleka dirishani, akapuliza ndani yake.

"Mzee wangu, hii kazi hata ng'ambo sikuiona. Hebu niambie. Mirija ya shaba kwenye injini, ilikuwa yapasuka wapi?"

"Kwa kona," alisema Fundi.

"Kwa nini?"

"Injini inatikisa. Shaba ikitikiswa sana inachoka."

"Na moyo?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Moyo inatikisa bila likizo."

"Na hii ni nini?"

"Kona," alisema Fundi, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Aliifunga kona yake ndani ya leso, akaishukuru hospitali, akasema basi, turudi Voi, mguu hautaibiwa kwa ajili yake. Alikuwa amejihukumu, na alikuwa ametulia, na utulivu ule ulinitia hofu kuliko kipago cha pili. Nilitaka kumpiga kwa daftari.

Hapo ndipo Mama Mghoi alipoweka kikapu chini. Sikuwahi kumwona akikiweka chini.

"Bomba langu la jikoni lilikuwa limekosa nini?"

Fundi akashtuka. "Mama Mghoi, si mbele ya watu."

"Lilikuwa limeziba?"

"Hapana."

"Lilikuwa linavuja?"

"Hapana."

"Ulinikuta napika, ukaling'oa. Hukuniuliza. Ukasema laini ya dispensari imejaa ukoko, na wodi ya akina mama haina maji, na bomba jipya litakuja mwezi ujao. Ukapitisha bomba langu kando ya ule ukoko. Mwezi ujao haujafika, na ni miaka kumi na moja."

"Hiyo ilikuwa lazima," alisema Fundi. "Watoto walikuwa wanazaliwa."

"Nilikataa?"

"Hukukataa."

"Nilimwambia mtu?"

Fundi akatikisa kichwa. Kumbe ndiyo sababu ya Jumamosi zote zile. Alikuwa amevunja sheria yake mara moja, na aliona ni heri Voi nzima imwite mvivu kuliko ijue, na mkewe akaubeba mzaha wetu pamoja na debe.

"Basi miaka kumi na moja mimi ni mguu wako," alisema Mama Mghoi. "Natembea mpaka leo. Na huo mwingine utatembea. Daktari, andika siku."

Akaokota kikapu. Daktari akaandika siku. Fundi alikunja suruali mpaka gotini, akautazama mguu wake, akaupigapiga polepole kama anayemwomba radhi mtu aliyelala.

Nami nililia, nikaloanisha daftari. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa katika wodi ile, mwaka ule ule bomba lilipong'olewa. Namkumbuka mkunga akifungua mfereji, maji yakaja mengi, akamwosha. Mama Mghoi alikuwa akipita nje na debe, na siku iliyofuata nilisimulia kitandani kile kichekesho cha mke wa fundi wa maji.

Alipasuliwa. Ilichukua saa nyingi, nasi tulisubiri kwenye benchi, na nilimwomba Mama Mghoi msamaha. Alisema sijamkosea, nilikuwa navuja tu. Fundi alipozinduka, neno lake la kwanza kwa daktari lilikuwa kumwuliza kama aliijaribu laini kwa maji kabla ya kufunga. Daktari akasema aliijaribu. La pili, kama alitoa hewa. Daktari akasema hilo ndilo walilolihangaikia sana. Fundi akafumba macho, ameridhika. Aliwahi kuwa sahihi kuhusu hewa, hata kama ni kwa dakika tano.

Miaka michache baadaye mimi nilihamishiwa shule moja Mboghoni, upande wa Taveta, ambako maji hupita shambani kwa mitaro na hakuna anayeyasikiliza kwa meno. Likizo moja nilishuka Voi nikawatembelea. Fundi alikuwa amestaafu, wakahama nyumba za reli na kujenga mlimani kidogo, njia ya Mwatate. Nilimkuta Fundi amekonda, ana kelele zile zile, suruali imekunjwa upande mmoja ili kovu la mguu lipate upepo. Mguu ule alikuwa akiuosha kwanza, kabla ya uso, na kwenye mvua aliuvisha kiatu kipya huo peke yake.

Aliniburuta jikoni. Ukutani kulikuwa na mfereji, na chini yake, mahali bomba linapopinda kuingia ndani, ile kona ya shaba, inang'aa kwa majivu na limau. Alikuwa ameongeza nati kubwa ili ishikane na bomba la kawaida. Maji yalipita pale membamba, lakini yalipita.

"Hapa haitikiswi," alisema. "Jiko haina mbio. Atadumu."

Mama Mghoi alituletea kimanga cha muhogo na maharagwe, akakaa. Mara Fundi akafungua vifungo vya shati bila kuambiwa, akasimama wima kando ya mlango, kama afanyavyo mtu aliyezoea. Mkewe alichukua spana ndefu kwenye msumari. Ncha moja akaiweka juu ya kovu la kifua, nyingine akaiuma kwa meno, akafumba macho. Kijiko changu kilikuwa hewani, nami sikuthubutu kukishusha.

Akaondoa spana kinywani, akaifuta kwa leso.

"Inapita," alisema, kisha akafungua mfereji wake akaosha sufuria.